Gari ya zamani sio lazima inywe oili nzito

Nenda gereji yoyote hapa Dodoma, iwe Kizota, iwe Chang'ombe, iwe zile za pembeni ya barabara ukielekea Nzuguni, fungua boneti ya Corolla au Carina au Mark II ya miaka ya tisini, fundi hata dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, hajachomoa utasikia "hii ya zamani hii, weka 20W-50". Nimeambiwa hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kujiuliza, huyu anayenishauri hajaangalia injini ni ya aina gani, hajaniuliza inakula oili kiasi gani, hajui naendesha wapi. Ameona pleti namba bado ni ya A, akaona na rangi imepauka kwenye boneti, basi jibu analo.

Mi msimamo wangu ni kwamba umri wa gari peke yake hauwezi kukuchagulia oili. Injini ndo inachagua, pamoja na hali yake ya leo, na kuna Toyota mbili zinaweza kuwa zimeingia bandarini wiki moja, zote tunaziita za zamani, lakini moja inavumilia oili nzito na nyingine inaumia taratibu.

Nina Corolla 110 ya 1998, injini yake 5A, nilihama nayo kutoka Dar mwaka 2017 kipindi kile watumishi tunafungasha vyombo kuja makao makuu. Asubuhi natoka Ilazo kwenda Mtumba jioni narudi, mara mbili tatu kwa mwaka nashuka Dar, karibu kilometa 450 kwenda tu. Watoto wangu wamesoma kwa kupelekwa na hii gari na kurudishwa na hii gari, kwahiyo mambo ya oili kwangu sio ushabiki wa magari, injini hii ikinoki sina hela ya kununua nyingine, na najua tuko wengi sana wa hivyo.

Tuanze na zile namba kwenye dumu maana ndo zinachanganya watu. Ukiona 20W-50, hiyo 20W inaeleza oili ikiwa baridi, W imetoka kwenye neno la Kiingereza la majira ya baridi. Hiyo 50 ya nyuma ni uzito wake ikishachemka, inapimwa kwenye nyuzi joto 100. Oili ya 30 kwenye joto hilo inakuwa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo kinachoitwa sentistoksi, ya 40 inaanzia 12.5 mpaka 16.3, ya 50 inaanzia 16.3 inakwenda karibu na 22. Yaani mtu akitoka 10W-30 akaenda 20W-50 asidhani amesogea kidogo, anaweza kuwa ameongeza uzito karibu mara mbili.

Kwenye baridi napenda niwape mafundi haki yao. Kwa viwango, oili ya 20W inatakiwa iruhusu stata kuizungusha injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, ya 5W nyuzi 30 chini ya sifuri. Sasa Dodoma yetu mwezi wa saba alfajiri, na ule upepo unaopenya mpaka kwenye sweta mbili, joto linashuka mpaka 13 au 14 hivi. Anayekutisha kwamba 20W-50 itaganda huku anakuongopea. Ni kweli 5W au 10W inawahi kupanda juu kwenye tapeti asubuhi kuliko 20W, na hilo lina faida kwa injini iliyolala usiku kucha, lakini sio jambo la kukukosesha usingizi. Tena vitabu vya Toyota vya miaka hiyo kwa magari yaliyouzwa nje ya Japani vilikuwa na chati ya joto, na 15W-40 na 20W-50 zimo kwa ajili ya nchi za joto. Kwahiyo kwa 5A yangu, au 3S ya kwenye Corona, oili nzito sio sumu.

Kinachonikera ni ile sababu nyingine wanayoitoa, eti Dodoma kuna joto sana kwahiyo oili nyepesi inakuwa kama maji. Hii haijakaa sawa. Joto la nje liwe 20 liwe 32, injini ikiwa nzima ina kitu kinaitwa thamostati, kile kijidude kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, kwenye Toyota nyingi kinaanza kufunguka nyuzi 80 na kidogo. Kazi yake ni kuhakikisha injini inafanya kazi kwenye joto lile lile iwe uko Iringa kwenye ukungu au uko Kibaigwa saa nane mchana. Kama rejeta yako nzima, feni inawaka na maji yapo, oili haijui sana kwamba uko Dodoma.

Shida ni kwamba hizi gari zetu nyingi hazina thamostati kabisa! Gari ilichemsha siku moja miaka hiyo, fundi akaitoa akaitupa, akasema huku kwetu haihitajiki, hiyo ni ya nchi za baridi. Mimi yangu niligundua 2019. Mshale wa joto ulikuwa haufiki hata robo, nafika Mtumba kilometa 17 na zaidi bado uko chini, na kila nikifungua kifuniko cha kujazia oili nakuta kwa ndani kuna utando mweupe mweupe kama mtindi uliogandia kwenye kibuyu. Nikapata hofu ni silinda hedi gasketi imekufa na maji yanaingia kwenye oili. Nikachomoa dipstiki, oili iko safi, haijawa rangi ya chai ya maziwa, na maji kwenye rejeta hayapungui. Fundi mmoja mtu mzima, mpole sana, akafungua ile nyumba ya thamostati mbele yangu, ndani hamna kitu, tundu tupu. Akaniambia, "Dada yangu, injini yako inatembea na homa ya baridi, huo ni unyevu unashindwa kukauka." Tukaweka mpya, wiki mbili ule utando ukapotea wenyewe na haujarudi.

Sasa fikiria injini kama ile, haipati joto lake, alafu ndo unaiongezea na 20W-50 juu yake, au ile oili namba 40 ya kupimiwa kutoka kwenye pipa ambayo asubuhi nayo ni nzito. Petroli isiyoungua inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unyevu unabaki, oili nayo inajiburuza. Kwahiyo kabla hujabishana na mtu kuhusu namba za oili, angalia mshale wa joto unasimama wapi ukiwa safarini. Kama unalala chini muda wote, shida yako ya kwanza sio oili.

Nirudi kwenye injini. Hizi 5A, 4A, 3S za kawaida hazina VVT-i. Ila Premio na Allion zile tunazoita old model, za kuanzia mwisho wa 2001, zenye injini 1NZ au 1ZZ, zina VVT-i, na Mark II GX110 nayo ya miaka hiyo hiyo ina VVT-i. Ule mfumo unabadilisha taimingi ya valvu, yaani wakati wa kufunguka na kufunga, kwa kutumia presha ya oili yenyewe. Oili inapita kwenye vinjia vyembamba, inapita kwenye kivalvu cha umeme, na mbele yake kuna kichujio kidogo cha waya, kidogo kweli, unaweza kukiweka juu ya kucha ya kidole gumba. Hapo oili ni zaidi ya kilainishi, ni mkono unaosukuma kitu, na waliotengeneza walipiga hesabu zao kwa oili ya 30.

Jirani yangu mmoja ana Premio ya hivyo, 1ZZ. Ilianza kukosa nguvu, akikanyaga inachelewa kuitika, taa ya injini ikawaka. Amebadilisha plagi, akasafisha throto, akanunua sensa moja ya bei mbaya, wapi. Nilikuwepo siku kichujio kile kilipotolewa, kilikuwa kimezibwa na tope jeusi, yaani huoni mwanga ukikiinua juani. Na historia yake ni kwamba miaka mitatu alikuwa anawekewa 20W-50 kwa sababu gari ni ya zamani, alafu kwa sababu ni nzito akaambiwa inakaa muda mrefu, akawa anafika mpaka kilometa elfu nane tisa na safari zake ni za mjini fupi fupi. Siwezi kusema ni uzito peke yake uliziba, tope linatokana na oili kukaa kuliko muda wake, lakini yale mawazo mawili yanatembea pamoja, nzito na inadumu, na ndo yamemfikisha pale. Alisafisha, akaweka 5W-30, akaimwaga mapema baada ya kilometa elfu moja na kitu kwa sababu ilitoka nyeusi tii, akaweka nyingine. Gari ikarudi.

Lakini pia nisiwadanganye wenye 1ZZ. Hiyo injini za mwanzo mwanzo zinajulikana dunia nzima kwa kula oili, ringi za oili kwenye pistoni na vitundu vyake vya kurudishia vinaziba kaboni, oili inabaki ukutani mwa silinda inaungua. Kwahiyo mwenye nayo yuko njia panda, ya 30 inaliwa, ya 50 inasumbua VVT-i. Mimi ningekaa kwenye 5W-40 au 10W-40 na kumwaga mapema, na kuangalia dipstiki kila Jumamosi bila kukosa. Zaidi ya 40 kwenye VVT-i nisingeenda.

Hapo kwenye kula oili ndo penye kiini cha jambo lote, maana hiyo ndo sababu pekee ya kweli ya kuhamia oili nzito zaidi, na watu wengi hawajui hata gari yao inakula kiasi gani. Wanasema "inakula kidogo". Kidogo ni ngapi? Mi nilinunua daftari la kurasa 48, linakaa kwenye dashibodi, naandika kilometa na nilichoongeza. Nilianza na 10W-30 kwa sababu nilikuwa nimesikia ndo namba yake, nikakuta kila kilometa 2,000 inataka karibu lita nzima. Nikaenda 15W-40, ikashuka ikawa nusu lita kwa kilometa zile zile. Nikajaribu 20W-50 mzunguko mmoja, ikawa nusu lita vile vile, haikupungua hata kidogo, na asubuhi tapeti zinagonga sekunde kadhaa kabla hazijatulia. Nikarudi 15W-40. Jibu hilo hakuna mtu angenipa kwa kuangalia pleti namba.

Watu wengi watashangaa kwamba vitabu vingi vya Toyota vinaandika mpaka lita moja kwa kilometa 1,000 bado ni ndani ya kiwango. Mimi kwangu ni nyingi sana hiyo, lakini inakuonesha kwamba gari kuongezwa oili katikati sio kifo. Kifo ni kutoongeza. Sampu ya hizi gari inachukua lita tatu na kitu mpaka nne, ukipoteza lita mbili bila kujua, uko Mtera unapandisha kwenda Iringa, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi za krenki hazisubiri. Na ile taa nyekundu ya oili ni ya presha, haikupi taarifa kwamba oili imepungua, ikiwaka barabarani ujue umeshachelewa, zima gari hapo hapo.

Na kabla ya kuficha ulaji kwa oili nzito tafuta inaliwa wapi. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha alafu unaisha, hizo mara nyingi ni valvu sili, zimekauka zimekuwa ngumu kama plastiki, na kuzibadilisha ni rahisi mara nyingi kuliko ovahoo. Moshi unaotoka ukikanyaga mafuta kupandisha mlima, wasiwasi uwe kwenye ringi. Kama hamna moshi, angalia gasketi ya kava ya tapeti na sili za krenki, weka boksi la karatasi chini ya gari usiku. Alafu kuna valvu ya PCV, ile inayonyonya hewa chafu kutoka kwenye injini, ikiziba presha inajaa ndani na oili inasukumwa nje kila penye upenyo. Ni kitu cha bei ndogo na kukibadilisha ni dakika kumi. Kwangu ilikuwa PCV na sili, vyote viwili.

Kuhusu zile herufi nyuma ya dumu niseme kwa kifupi maana huko ndo watu wanapigwa bila kujua. Herufi ya kwanza S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Herufi ya pili inavyokwenda mbele kwenye alfabeti ndo oili mpya zaidi, SJ ilikuja katikati ya miaka ya tisini, SL 2001, SN 2010, SP 2020, na ya mbele inafanya kazi ya ya nyuma. SF ni ya injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. Sasa kuna madumu yanauzwa bei rahisi, picha ya gari ya mashindano mbele, maandishi makubwa, ukigeuza nyuma unakuta SF. Ukiweka hiyo kwenye gari ya 1998 umeipa oili ambayo hata siku gari inatoka kiwandani ilikuwa imeshapitwa. Mi kati ya 15W-40 ya SL au SN na 20W-50 ya SF nachukua ya kwanza bila kufikiria, na kati ya sintetiki ya bei kubwa utakayoionea huruma ukaiacha ikae mwaka mzima na ya kawaida unayoimwaga kwa wakati, chukua hiyo ya kawaida.

Adui mkubwa wa oili huku kwetu ni vumbi. Mvua zetu ni msimu mmoja, zikiisha mwezi wa nne hivi basi ni vumbi mpaka mwezi wa kumi na moja, na mitaa mingi bado haina lami, Nkuhungu, Swaswa, Nala, unafika nyumbani gari imekuwa rangi ya udongo. Lile vumbi ni mchanga uliosagika, likipita kwenye klina ya hewa linakuwa msasa kwenye silinda na oili yoyote uliyoweka haiwezi kulizuia. Nimeona mtu ananunua oili ghali kabisa alafu klina yake imepulizwa kwa kompresa mpaka karatasi imetoboka, unaona mwanga unapita. Nimeona pia kava la klina limefungwa klipu mbili kati ya nne. Pitisha kidole ndani ya mpira unaotoka kwenye klina kwenda kwenye injini, kikitoka na vumbi, hela yako yote ya oili inapotelea hapo.

Ndo maana mi namwaga kila kilometa 5,000 pamoja na filta, hata kama lebo inasema elfu kumi. Kwenye vitabu vya watengenezaji wenyewe vumbi na safari fupi vinahesabika kama matumizi magumu na muda unapunguzwa nusu. Anayetoka Makole kwenda Bungeni na kurudi, kilometa tatu tatu, oili yake inachoka kuliko ya anayeshuka Dar kila mwezi, ingawa mileji yake ni ndogo.

Na nunua kwenye duka ambalo ukirudi wiki ijayo utamkuta mwenyewe, angalia sili ya kifuniko, na ukishamwaga chukua dumu lako tupu. Mimi natoboa kwa bisibisi matundu matatu kabla sijalitupa, kwa sababu madumu matupu masafi yanatafutwa sana, na nashindwa kuona mtu mwingine akiuziwa uchafu kwenye dumu nililoacha mimi. Jihadhari pia na zile dawa nzito kama asali za kumimina kwenye oili. Gari ikiwa inauzwa na injini iko kimya kupita kiasi, chomoa dipstiki, acha tone lianguke kwenye karatasi, likivutika kama utomvu usilipe siku hiyo.

Yangu juzi imefika kilometa 5,000 tena. Kwenye daftari nimeandika 15W-40, nimeongeza robo lita mara moja tu tangu niibadilishie sili na PCV. Iliyotoka ilikuwa kahawia iliyokolea, nikaisugua kati ya vidole haikuwa na chenga, nikaimimina kwenye kidumu cha lita tano kilichokatwa shingo, na mzee mmoja wa Msalato amekuja kuichukua apake nguzo za uzio wake, anasema mchwa mwaka huu wamezidi.